Namna ya kupanga klabu ya tiri (kupiga shabaha na bunduki) hapa Lubumbashi, kuanzia mustari wa kupigia mpaka federasyoni

Tangu nirudie hapa Lubumbashi, vijana wananiuliza paka ulizo moja: yaya, bunduki ya mashindano inapatikana wapi na ni bei gani? Nabajibu kila mara vilevile, bunduki njo kitu ya mwisho. Kama uko na batu kumi na mbili wenye wanafika kwa saa, buku moja ya kuandikia majina, na mutu mumoja mwenye akisema STOPU bote wananyamaza na kuweka chini, uko na klabu tayari, hata kama bado hamujapiga hata mara moja. Lakini kama uko na bunduki tano na ile vitu tatu hauna, ile haiko klabu, ni hatari umefungia mu nyumba.

Nitaeleza vile nilijifunza miaka yenye nilikuwa Uingereza kwa masomo, mu klabu moja ndogo ya mutaa yenye ilikuwa chini ya nyumba, baridi sana, na vile naona inaweza kutembea kwetu juu sheria haiko moja na mazoea haiko moja. Nasema zaidi juu ya bunduki ya upepo ya metre 10. Haina baruti, plombi yake, kale karisasi kenye inatupa, ni ya milimetre 4.5, sale ya kawaida inatosha, na njo mulango wa tiri yote. Na najua vile mutu wa Kongo anasikia mu moyo akisikia neno bunduki, inchi yetu imeumizwa sana na hii kitu, bandugu zetu ba Kivu wanaijua kupita mi. Njo maana nataka ipangwe muzuri tangu siku ya kwanza, ao isianze.

HATUA YA 1: jua ngazi mbele ya kupanda

Mu futiboli kila mutoto wa komine zetu, Kamalondo ao Kenya, anajua ngazi: timu inaingia mu entente ya muji, EUFLU, juu ya entente kuko ligi ya provinsi, juu ya ligi FECOFA ya taifa, kisha CAF ya Afrika na FIFA ya dunia. Tiri inafuata njia ileile. Chini kuko klabu, klabu zikikuwa mingi zinafanya entente, entente zinafanya ligi, ligi zinafanya federasyoni ya taifa, na federasyoni njo yenye inaingia mu shirika la dunia lenye linaitwa ISSF, lilianzia Zurich mwaka wa 1907, leo makao yake iko München, Ujerumani. Mu Afrika kuko konfederasyoni ya bara. Na kwa Olimpiki federasyoni inapita kwa Komite Olimpiki ya Kongo, mutu hawezi kujipeleka yeye mwenyewe hata akuwe anapiga kumi kila mara. Tiri iko mu Olimpiki tangu ile ya kwanza kabisa ya Athènes 1896, kwa hiyo haiko mucheza wa jana.

Sasa angalia inchi mbili vile zilipanga, utaona tofauti. Uingereza walianza kwa vipande vipande: National Rifle Association yao (haiko ile ya Marekani, ya Marekani ni ingine na ilikuja nyuma) ilianza 1859 kwa bunduki kubwa za mbali, kisha 1901 ikaanza ingine kwa ajili ya kalibri ndogo, leo inaitwa NSRA, mwanzo wake ilikuwa kwa batu ba kazi wenye hawakuwa na makuta ya kwenda mbali kupiga. Bale ba sahani za udongo zenye zinarushwa hewani nabo wako na shirika yao. Kisha ikalazimu kutengeneza ingine juu ya zote, British Shooting, ya kushughulika na Olimpiki. Zinatembea, lakini mutu mugeni anapotea kabisa, mi mwenyewe ilinichukua miezi kuelewa karte ya nani inanihusu. Ufaransa wao wako na federasyoni moja, chini yake ligi za mikoa, chini komite za departema, chini klabu, na lisansi ya kila mutu inapitia kwa klabu yake. Kwa maoni yangu sisi tubebe ngazi ya Wafaransa, juu sheria zetu na maneno yetu ya sport zinafanana nayo, lakini tubebe desturi za klabu ndogo ya Kiingereza, ile ya buku na chai na mukubwa wa standi, mutu mwenye anaamuru ku mustari wa kupigia.

Kosa yenye naona mu sport mingi kwetu ni kuanzia juu. Batu watatu wanatengeneza kashe (muhuri), wanajiita federasyoni ya taifa, prezida, vise-prezida, sekretere mukuu, na klabu hata moja haiko. Ile tunaiita federasyoni ya mu maleti. Siku ya asamble nani atapiga kura? Federasyoni inazaliwa na klabu, haiko federasyoni njo inazaa klabu.

HATUA YA 2: batu na statuti

Tafuta batu kumi mpaka kumi na tano, usipite hapo mwaka wa kwanza. Changanya. Mwalimu mumoja, muganga ao infirmiere mumoja, mutu wa hesabu, mutu wa mikono mwenye anajua chuma na mbao. Bamama na mabinti wakuwe tangu mwanzo, juu mu tiri ya metre 10 tangu 2018 wanawake na wanaume wanapiga hesabu moja, risasi 60, haiko ile maneno ya zamani ya kuwapa 40, na tangu Tokyo kuko mashindano ya mwanamuke na mwanaume mu timu moja. Klabu yenye iko na wanaume tupu inajikata mukono.

Kisha muandike statuti, ile katiba ya klabu. Kongo, association yenye haitafute faida inafuata Sheria nambari 004/2001 ya tarehe 20 julai 2001, na sport yote iko na sheria yake, nambari 11/023 ya tarehe 24 desemba 2011. Tafuta hizi mbili, zichapishe, musome pamoja ku meza, mustari kwa mustari, hata kama Kifaransa cha sheria kinachokesha. Mu statuti museme wazi asamble ya wanamemba bote njo yenye nguvu kupita prezida, inakutana lini, kura inapigwa namna gani, prezida anatoka lini, na kama klabu inakufa vitu vyake vinaenda wapi. Kisha mufanye reglema ya ndani, ile njo ya kila siku: saa, usafi, makuta, azabu ya mutu mwenye anavunja mustari.

Komite isikuwe kubwa. Prezida, sekretere, trezorye, mukubwa wa standi, na mutu wa kuangalia hesabu mwenye haiko rafiki sana ya trezorye. Hapa niseme kitu yenye iliniuma. Kulikuwa association moja ya sport hapa mujini, sitaitaja, nilikuwa memba. Kashe ilikuwa inalala kwa prezida, buku ya makuta kwa prezida, ufunguo kwa prezida. Siku moja akaenda Kinshasa kwa kazi, akabakia kule miezi saba. Barua hatukuweza kuandika, makuta hatukuweza kutosha, sale ikafungwa, vijana wakarudia ku nyumba zao na hawakurudi tena mpaka leo. Hakuiba hata franga moja, ni papa muzuri, lakini ilikufa vile. Njo nasema: kashe ilale kwa sekretere, makuta itoke na sinyo mbili, ufunguo zikuwe tatu, na hii iandikwe mu reglema, isibakie mu midomo.

HATUA YA 3: karatasi za serikali, mbele ya bunduki yoyote

Hii usiruke hata kama mutu anakuambia atakufanyia kwa simu. Ku Division ya sport ya provinsi peleka dosie: statuti, prosè-verbale ya asamble ya kwanza, liste ya komite na fotokopi za karte, mupango wa kazi. Personalite juridike yenyewe, ile ya klabu kujulikana mbele ya sheria, inatoka kwa Waziri wa Haki, baada ya waziri wa sport kutoa avi yake, kwa hiyo jua itabeba wakati. Fanya fotokopi ya kila kitu, na kila barua yenye unaacha uilombee accusé de réception, kale kakaratasi kenye kashe na tarehe njo ushahidi wako.

Kisha bunduki. Silaha Kongo zinafuata Ordonanse-sheria nambari 85/035 ya tarehe 3 septemba 1985. Usiseme ati bunduki ya upepo ni ya watoto haihusu. Hata Uingereza, inchi moja, ukiwa upande wa England bunduki ya upepo yenye nguvu ndogo haiombi lisansi, ukivuka kwenda Scotland inaomba, tangu mwisho wa 2016. Kama kwao inabadilika vile, kwetu usibahatishe. Andika barua, uliza: tunataka kuingiza bunduki za upepo za mashindano, kalibri 4.5, hesabu fulani, zitalala mahali fulani, mutatuomba karatasi gani? Ungojee jibu ya kuandikwa. Ukileta moja mu gari kutoka mupaka wa Kasumbalesa bila karatasi, klabu imekwisha siku ile.

Na ukienda ku biro, enda na adabu na enda batu wawili. "Jambo papa, tuko na lomba paka dakika kumi, tulikuja kueleza mupango mbele ya kufanya kitu." Hii neno, mbele ya kufanya, inafungua milango mingi. Kule Uingereza klabu yenye imekubaliwa na serikali lazima ichague memba mumoja mwenye kazi yake ni kuongea na polisi, jina lake linajulikana, na mutu mupya anaomba kuingia, polisi wanajulishwa. Fanyeni vile hata kama hakuna mwenye aliwaomba. Jirani nabo muwaambie, na shefu wa avenyi, juu mutu akisikia tap tap tap mu sale usiku na hajui ni nini, ataita askari na ako na haki.

HATUA YA 4: mahali

Sale ya paruasi, hanga ya zamani, kalasa refu, yoyote yenye iko na urefu kama metre 15 inatosha: 10 za kutoka mustari mpaka shabaha, zingine za kusimamia nyuma na za ukuta. Kila mupigaji apate upana wa metre 1. Kitovu cha shabaha kikae metre 1.40 kutoka chini. Nyuma ya shabaha weka sanduku za chuma zenye zinashika plombi, bamba lake liinamishwe plombi ianguke chini mu muchanga, isirudi. Plombi ya upepo inapenda kurudi ikigonga kitu kigumu kimesimama wima, kwa hiyo miwani ya macho kwa bote, hata bale wanaangalia.

Mulango wa kuingilia ukuwe nyuma ya wapigaji. Kama kuko mulango ama dirisha mbele ya mustari, funga kwa misumari ao kwa komeo ya ndani, usiseme tu hakuna mutu atapita hapo, juu siku moja mutoto wa sakristia atapita. Watu wengine waliniambia tupige inje, tuegemee kichuguu, juu vichuguu vikubwa hapa haviko vya kutafuta. Hapana. Udongo wa kichuguu jua ikiupiga miezi ya kiangazi unakuwa kama tofari, na haujui ndani kuko mawe gani. Inje kuko pia upepo na batu wenye wanakata njia.

Plombi imetengenezwa na plomb, ile chuma yenye sumu. Ndoo ya maji na sabuni ikae ku mulango, mutu asikule kikanda ao kunywa chai mbele ya kunawa, na vumbi isifagiliwe kavu, inyunyiziwe maji kwanza.

HATUA YA 5: jioni moja ku mustari

Hapa nitakawia kidogo, juu hapa njo klabu yenyewe. Siku yangu ya kwanza kule, muzee mumoja wa ile klabu alinipa kiti nyuma ya mustari, akanipa chai, akaniambia kaa uangalie. Nilikaa masaa mawili. Sikugusa kitu. Nilikasirika, nilifikiri ni juu ya rangi yangu. Wiki yenye ilifuata mugeni mwingine akaja, muzungu, akapewa kiti ileile na chai ileile, na mi nikapewa kazi ya kumueleza yale niliona. Njo nikaelewa. Memba mupya kule anakuwa ku majaribio miezi 3 angalau, na ile miezi haiko ya kujua kama unapiga muzuri, ni ya kujua weye ni mutu gani.

Bunduki inafika mu mufuko wake, imefungwa. Inafunguliwa ku mustari tu, mudomo ukiangalia shabaha, haifunguliwe ku meza ya chai. Mu kasiba yake kuko kamba nyembamba ya rangi ya machungwa, imepita tangu nyuma mpaka inatoka mbele, kila mutu anaiona kutoka mbali, na ile kamba inasema hakuna plombi ndani. Kamba haitoke mpaka mukubwa wa standi aseme. Yeye haipigi siku ile. Hii wengi wanashindwa kukubali, mukubwa wa standi anataka kupiga naye, hapana, macho yake iko kwa mikono ya bengine.

Maneno yake ni machache, chagueni luga moja mubakie nayo. Sisi tulisema tutatumia: TAYARISHA, JAZA, ANZA, STOPU, TOSHA (ni kuondoa plombi, haiko kusema imetosha). Kila neno linamaana moja. STOPU inaweza kusemwa na mutu yeyote, hata mutoto, hata mugeni mwenye kiti, akiona kitu kibaya, na kila mutu anatosha kidole na anaweka chini, maulizo ni ya nyuma. Mutu mwenye anamalizia moja ya mwisho baada ya STOPU, anaenda nyumbani ile siku, hata akuwe prezida. Baada ya TOSHA kamba zinarudi mu kasiba, mukubwa anapita anaangalia moja moja, anasema mustari ni salama, njo batu wanatembea kwenda ku shabaha. Umeme ikikatika katikati, na itakatika, ni STOPU yenyewe: hakuna mwenye anasogea mpaka tochi ya mukubwa iwake, kwa hiyo tochi ikae shingoni mwake, isikae mu droo.

Kisha kartoni. Shabaha ya bunduki ya upepo yote ni milimetre 45.5, na ile kumi ya katikati ni kanukta ka nusu milimetre. Nusu! Plombi yenyewe ni kubwa kuipita mara tisa. Ukishika kartoni ku mwanga unaona katundu kake kalivyokata karatasi, pembeni imeraruka kidogo, na unatafuta kama imegusa mustari wa pete. Ikigusa, unapewa ile namba kubwa. Nimeona wazee wawili wanabishana kwa upole robo saa juu ya katundu kamoja, kila mutu na loupe yake. Mashindano ya kweli ni risasi 60 mu dakika 75, lakini mwaka wa kwanza pigeni 40, inatosha, na nusu ya wakati iende kwa kupumua na kusimama bila plombi.

HATUA YA 6: buku na makuta

Buku tatu tu. Ya kwanza, nani alikuja, alipiga na bunduki nambari gani, saa ya kuingia na ya kutoka, sinyo. Klabu za Uingereza zinalazimishwa kuchunga hii, na memba mwenye ako na silaha yake na mwaka muzima hakuja kupiga, klabu inamujulisha kwa polisi. Ya pili, bunduki na ufunguo: imetoka kabati saa ngapi, imerudi saa ngapi, nani aliona. Ya tatu makuta.

Hesabu ya makuta ifanyike mbele. Plombi za mashindano zinakuja mu kopo za 500. Batu 12, kila mumoja risasi 40 kwa wiki, ni 480, kwa hiyo kopo moja kwa wiki na inabakia kidogo ya kujaribu. Zidisha kwa mwezi, ongeza kartoni, loyeri ya sale, transporti ya mukubwa wa standi, njo unajua kotizasyo, makuta yenye kila memba atatoa. Usifanye kinyume, kuchagua kotizasyo ya kufurahisha batu kisha kushangaa. Bunduki zikuwe za klabu, si za mutu, mbili ao tatu zinatosha batu 12 wakipiga kwa zamu. Nazo ni nzito, sheria ya dunia inaruhusu mpaka kilo 5.5, kwa hiyo mutoto wa shule aanze na kiegemeo.

HATUA YA 7: klabu ya pili, na ngazi kuanza kupanda

Mukikaa mwaka muzima bila ajali na buku zikiwa safi, musiongeze memba mpaka arobaini. Saidieni klabu ya pili izaliwe, Katuba ao Ruashi, kisha Likasi, kisha Kolwezi. Peni mukubwa wa standi wenu wa pili aende kubafundisha. Klabu za muji mumoja zikiwa za kutosha, zitume wajumbe, kila klabu kura sawa, zifanye entente, na kazi ya entente ikuwe kidogo: kalenda, reglema moja ya mustari kwa bote, mafundisho ya bakubwa ba standi. Ligi inakuja klabu za miji tofauti zikitaka kushindana. Federasyoni mupeleke dosie wakati provinsi zaidi ya moja ziko na klabu zenye zinapiga kweli kila wiki, na wakati ule mukigonga kwa ISSF mutaonyesha buku.

Na musingojee makuta ya kusafirisha timu ndio mushindane. Waingereza wako na mashindano ya posta, iko tangu zamani na inatembea mpaka leo: kila klabu inapiga kwake, ku kartoni zenye alama, shahidi mwenye haiko mu timu anatia sinyo nyuma ya kila kartoni mbele ya yote, zinatumwa kwa mupimaji mumoja, yeye anahesabu na kutuma matokeo. Kwetu posta ni basi. Siku ya posho (samedi) jioni Lubumbashi wanapiga, Likasi nabo wanapiga, kartoni zinaingia mu anvelope, zinafungwa na kashe juu ya gundi, shofere anazibeba asubuhi kilometre 120, na mu anvelope ileile, juu ya kartoni, muweke liste ya batu wenye walipiga na jina la mukubwa wa standi wa siku ile, juu kama jina lake haiko, mupimaji asifungue hata kartoni moja.